Siagi ya Kuzuia Umeme

Jumatatu, 5 Machi 2012

Mimi Eliezeri, miaka sabini na mbili. Nimeshapita vita vitatu, nyoka mmoja, na dume la ng'ombe lililonikanyaga kule kwetu Minembwe, Kongo. Hakuna kilichoniweza. Sasa bega la kuume halipandi! Ngoma ya kanisa ni yangu tangu tulipofika kambi hii ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda. Jumapili nisipopiga, atapiga jirani yangu Rwakabuba. Ameishaanza mazoezi kwenye jerikani. Namsikia. Anapiga mubaya.

Jumanne, 6 Machi

Bibi yangu Mukandoli, mama wa watoto wangu, anasema twende mjini Mbarara. Kuna musawo, ndivyo huku wanavyomwita daktari, anaweka dawa ya maumivu juu ya ngozi, halafu umeme kidogo unaisukuma ndani. Bila sindano. Nikamwambia siogopi. Kisha nikaenda kukaa nyuma ya nyumba. Umeme! Ndani ya mtu! Rwakabuba akapita, akauliza kama nikirudi nitakuwa nawaka, ili asinunue mafuta ya taa. Sikucheka.

Jumatano, 7 Machi

Sikulala. Ila nimepata akili. Ukijipaka siagi ya ng'ombe, mvua inateleza. Umeme ni nani kuliko mvua? Nikachukua siagi yote ya Mukandoli. Bega, shingo, kwapa, kila fasi. Nikafunga shati.

Tulipofika Mbarara, kliniki ikanuka zizi. Musawo ni Mutesi, msichana tu. Akanibandika vitambaa viwili vyenye dawa na waya. Nikashika kiti, nikaimba wimbo wa mazishi. Kimashine kikalia, kikakataa. Akajaribu tena, kikakataa. Nikafurahi! Halafu vitambaa vikateleza vikaanguka. Mutesi akanusa kidole. Akauliza, mzee, umekuja kutibiwa au kukaangwa? Mukandoli akaitambua siagi yake. Hapo nikaona heri umeme.

Wakanisugua kwa sabuni kama sufuria. Sasa sina kinga! Kikawashwa. Nikaaga watu wote. Ikawa kama sisimizi wanatembea. Basi. Nikapiga kelele tu, Mungu ajue nilipo.

Jumapili, 11 Machi

Bega limepanda! Nimepiga ngoma mpaka pasta akaniomba niache. Rwakabuba alikaa nyuma. Nimemweleza: umeme ulikuwa mwingi mno, ila siagi ilibaki kidogo kwapani, ndiyo ikaukata makali.

Alhamisi narudi. Mutesi amesema utakuwa umeme uleule. Simwamini. Siagi nyingine nimeificha ndani ya gumbuti, kiatu changu cha mvua.

Atakayebisha amuulize Mutesi kule Mbarara, ama bibi yangu Mukandoli. Ila Mukandoli asiulizwe habari ya gumbuti.