Mimi Kitanda cha Juu, Mama Mkwe Kitanda cha Chini

Jumatano, 2 Julai 1952. Mlowo.

Nimechaguliwa! Leo alasiri, pale ghalani ninapopima kahawa, Mzee Osea ametangaza mbele ya wakulima wote kwamba mimi, Ezron, ndiye nitakayemsindikiza mkewe mpaka Dar es Salaam. Binti yao mkubwa, Fides, anakaribia kujifungua mtoto wa kwanza huko, na mama lazima awepo. Mama Fides ana mguu mbovu, hawezi kukaa kitako safari nzima. Kwa hiyo Mzee analipia daraja la pili, lenye vitanda. Vitanda ndani ya gari la moshi! Wakulima walibaki midomo wazi. Washamba.

Mzee aliuliza nani amewahi kupanda gari la moshi. Nikanyoosha mkono kabla hajamaliza. Si uongo mtupu. Mwaka juzi nilipeleka magunia Itigi na nililiona kwa macho yangu, limesimama. Lilipopiga honi nilikimbilia nyuma ya ghala, lakini hilo halimhusu mtu.

Shabaha yangu ni Ketrina, binti yao wa pili. Nampenda mpaka nakosea kusoma mizani. Na katika nyumba ile Mzee Osea hutoa sauti tu. Anayekata shauri ni Mama Fides. Siku nne njiani, anione ninavyoijua dunia, basi! Dada yangu Enesi, ninayekaa kwake, ameniuliza kama najua hata mlango wa gari la moshi uko upande gani. Nikatafuta kalamu.

Nimeandika karatasi: Mambo Kumi ya Kujua kwa Msafiri wa Mara ya Kwanza. Nimempa Ketrina amsomee mama yake, maana mama hajui kusoma. La kwanza, tiketi ishonewe ndani ya nguo. La nne, usimsalimie dereva, ana hasira. La saba, ule mnyororo ulio juu ya dirisha ni wa kutundikia chakula, panya wasikifikie. Mnyororo wenyewe niliuchungulia pale Itigi. Kazi yake hakuniambia mtu, lakini mwenye akili haambiwi.

Ijumaa, 4 Julai.

Nimerudi kutoka Mbeya na tiketi, kwa lori la kahawa. Karani wa dirishani ni kijana wa tai, mdomo mbele kama birika. Akasema vyumba vya vitanda vinne hutenganishwa: wanaume kwao, wanawake kwao. Ala! Sasa sifa zangu nimweleze nani, ukuta?

Nikamuuliza kama hakuna namna. Akasema kipo chumba kidogo cha vitanda viwili, kimoja juu, kimoja chini, ila hupewa watu wa familia moja tu. Nikachukua fomu nikaandika: mama na mwana. Yule wa tai akagonga muhuri bila kuuliza. Na hao ndio wanaoitwa wasomi!

Mama Fides chini, mimi juu. Usiku kucha namhubiria habari zangu na hana pa kukimbilia. Sijawahi kupanga jambo zuri namna hii. Nimekula vizuri na sasa nalala.

Jumapili, 6 Julai.

Balaa, na jina lake Boazi. Huyu ni fundi cherehani wa barazani, naye anamtaka Ketrina. Baada ya ibada kamfuata Mama Fides akamwambia kwamba naye anasafiri siku zile zile kwenda kununua cherehani mpya. Daraja la tatu, kwenye mabenchi, anakostahili. Alikuwa askari wakati wa vita na anasema amepanda magari ya moshi ya nchi tatu. Anasema! Karatasi hana hata moja.

Akaanza kumshauri mama mbele yangu. Eti achukue blanketi zito, Dodoma usiku kuna baridi. Eti achukue maji ya kunywa kwenye chupa. Eti afunge dirisha moshi ukirudi nyuma, cheche zisimwingie machoni. Eti asishuke stesheni kununua kitu, gari halimngojei mtu. Mambo ya kitoto kabisa. Lakini mama alimsikiliza mpaka mwisho, halafu akacheka. Alicheka! Na mimi mwaka mzima sijamfanya hata atabasamu.

Nikaona huyu lazima nimwahi. Saa nane mchana nimemtuma baba mdogo Rubeni kwa Mzee Osea na jembe jipya, la uchumba. Kwetu jembe likishaingia ndani, mwanamume mwingine hapigi hodi. Mzee amelipokea na kuliweka nyuma ya mlango. Likikaa pale mpaka mama arudi kutoka Dar es Salaam, nimekubaliwa. Boazi kwisha! Nimeimba peke yangu mpaka mbwa wa jirani akabweka.

Jioni. Baba mdogo Rubeni amerudi na ujumbe. Mzee anakumbusha kwamba jembe limeingia, basi kuanzia leo mimi ni mkwe. Sitamtazama Mama Fides usoni. Sitasema naye. Sitakula anaponiona, wala kulala naye chini ya paa moja, mpaka siku ya kufunguliwa mwiko kwa mbuzi na sherehe, baada ya harusi. Mila hii kila mtoto wa Mbozi anaijua. Hata mimi naijua, ila leo nilikuwa na haraka.

Enesi amecheka mpaka akakaa chini. Kisha akaniuliza kama behewa lina paa.

Jumatano, 9 Julai. Itigi.

Siku mbili ndani ya basi kutoka Mbeya. Mama mbele, amejifunika kanga usoni. Mimi kiti cha mwisho kabisa, na kuku wa watu, nimegeukia dirisha la nyuma. Nimeijua barabara ya Chunya vizuri sana, ile tuliyokwisha kuipita. Mama akitaka kuuliza kitu, anamwambia jirani yake, naye jirani ananipigia kelele. Mara ya tatu jirani akachoka, akauliza kama kiongozi wa safari ni bubu.

Na jirani huyo alikuwa nani? Boazi! Yeye hana jembe, hana mwiko. Anamtazama, anasema naye, anamnyoosha mguu juu ya furushi. Tulipolala Rungwa akachemsha chai ya tangawizi kwa wote. Nikapewa kikombe. Mama alikuwa hapo hapo. Nikakishika mpaka kikapoa, nikakimwaga nyuma ya mti. Nimeumia roho kwa ile chai kuliko nilivyotegemea.

Hapa stesheni nimejaribu kubadilisha chumba. Nikamweleza karani kwamba yule mama ni mkwe wangu, nikilala juu yake, yaani kitanda juu ya kitanda, nimelaaniwa mimi na kizazi changu. Karani ni mtu wa bara, mila anazifahamu, hata akanionea huruma. Kisha akasoma fomu. Akasema humu mmeandikwa mama na mwana, sasa aliyedanganya ni nani, wewe au karatasi? Nikasema karatasi. Akafunga dirisha.

Alhamisi, 10 Julai. Njiani, baada ya Dodoma.

Naandika nimekaa juu ya sanduku langu koridoni. Hapa ndipo nilipolala, kama inaitwa kulala. Baridi ya Dodoma ni kweli. Blanketi sikuchukua, kwa sababu aliyeshauri ni Boazi.

Mwanzo ulikuwa mzuri. Kumbe benchi la mchana ndilo kitanda cha usiku, na kitanda cha juu hushushwa kutoka ukutani. Hilo halikuwemo kwenye Mambo Kumi. Mhudumu alipoleta shuka akauliza nani atalala juu. Nikamjibu nikiwa nimeutazama ukuta wa korido kwamba hakuna, mwana anapenda kusimama. Mama akafunga mlango. Nikajiona mkwe hodari. Mwiko sijauvunja hata robo.

Tulipopita Manyoni, gari likafunga breki ghafla, porini, kwenye giza tupu. Watu waliporomoka. Mimi nikamwangukia mfanyabiashara mmoja wa Tabora, mnene, bahati yangu. Gadi, msimamizi wa gari, akaja mbio na taa, anafoka, anauliza nani amevuta mnyororo. Akafungua chumba chetu. Mungu wangu! Kapu la Mama Fides lilikuwa linaning'inia kwenye mnyororo: jogoo wa kukaanga mzima, mahindi, karanga debe zima za Fides. Mnyororo umeshuka hadi mwisho.

Gadi akamuuliza nani kamfundisha upuuzi huo. Mama, bila wasiwasi, akayasema maneno yangu yote kwa kichwa: jambo la saba, ule mnyororo ni wa kutundikia chakula, panya wasikifikie. Ketrina kamfundisha vizuri. Gadi akauliza nani mwandishi. Mama akaelekeza kidevu koridoni.

Gadi akanimulika. Akasema kuvuta mnyororo bila hatari ni kosa, mtu hushtakiwa. Je, huyu ni mama yangu kama fomu inavyosema? Nikasema simjui. Akauliza tena, je, ni ndugu yangu? Simjui. Je, tumetoka wote nyumbani? Nikasema sijawahi kumwona mama huyu, na kwa kweli uso wake sikuwa nimeuona tangu Jumapili.

Hapo akatokea Boazi. Alishuka daraja la tatu, akaja kando ya reli, gizani, miguu mitupu. Kiherehere! Akamwambia gadi kwamba mama huyu ni wa kwao, anasafiri mara ya kwanza, tangazo lililo kando ya mnyororo limeandikwa Kiingereza. Kama kuna mashtaka, liandikwe jina lake yeye. Gadi akanung'unika, akapungua, mwisho akasamehe. Boazi akalishusha kapu akalisukuma chini ya kitanda. Kumbe mahali pa kapu ni pale.

Kisha Mama Fides akasema na kapu. Ndivyo wanavyofanya mama zetu wakiwa na neno kwa mtu wasiyeruhusiwa kusema naye. Akaliambia kapu kwamba limesikia lenyewe, kijana wa koridoni kasema mara tatu kwamba hatujui sisi. Na asiyetujua hawezi kuwa mkwe wetu, maana mtu haoni haya mbele ya mgeni.

Akaufunua uso. Akanitazama. Macho kwa macho, mbele ya gadi, mbele ya Boazi, mbele ya mtu wa Tabora. Akaniita Ezron, akaniambia nilale salama.

Niliona aibu, nakiri, aibu ya kutaka kuruka nje ya gari. Ilinishika mpaka karibu na Dodoma.

Ijumaa, 11 Julai. Dar es Salaam.

Tumefika. Joto. Watu wengi, wote wanajifanya wana haraka.

Nimetafakari. Nilikosea kuona aibu! Mkwe gani Mbozi nzima amewahi kutazamwa na mama mkwe kabla ya harusi? Wengine hungoja miaka. Mimi nimefunguliwa ndani ya gari la moshi, bila mbuzi, bila sherehe. Asubuhi kanisalimia tena kwa jina, akaniuliza kama shingo inaniuma. Nilimjibu! Tumezungumza! Nikambebea furushi mpaka kwa Fides. Boazi alibeba kapu, nyuma, kama kibarua.

Jumapili, 27 Julai. Mlowo.

Tumerudi salama. Fides kapata binti. Jembe langu nimelikuta kwa Enesi. Mzee Osea kalirudisha kwa mkono wa baba mdogo Rubeni. Mzee ana busara. Ameona msimu unakaribia nami sina jembe la shamba.

Kuhusu Boazi, nasikitika, ingawa kidogo. Sijui kamkosea nini Mama Fides. Leo kanisani mama alipomwona tu, akajifunika kanga uso mzima na kugeukia ukuta. Yule naye akaruka mtaro, akajificha kwenye kahawa ya mchungaji mpaka mama apite. Hawasemeshani tena. Akimpelekea kitu, hupitia kwa mtoto wa jirani. Ama kweli mpanda ngazi hushuka! Mimi mama kanisalimia mbele ya waumini wote, kanishika na mkono, kaniuliza habari za ghala.

Enesi anasema jambo hilo hata mtoto anayenyonya anajua maana yake. Anasema nyuma ya mlango wa Mzee Osea kuna jembe, na si langu. Ketrina, eti, anashonewa gauni na fundi mwenyewe. Wivu tu. Dada zetu hawapendi kutuona tukiendelea.

Kesho naenda kwao kumposa Ketrina rasmi, bila mshenga, hodi napiga mwenyewe. Mama Fides atanifungulia mlango kwa mkono wake, atanitazama usoni, ataniambia karibu ndani, Ezron. Boazi maskini hathubutu hata kukanyaga uani.