Mdudu wa Jino la Dadi

Dadi alimwona tangu mbali, pale soko la Mwanga: mzee kutoka Ilagala, shavu limeumuka kama andazi, kalishika kwa mikono miwili utadhani litadondoka. Mwingine angeona maradhi. Dadi aliona chakula cha mchana.

"Mwakeye, mzee wangu. Pole. Mdudu huyo, anakula jino kwa ndani."

"Umejuaje?" mzee Castory akashangaa. Maskini, kama vile shavu lile lilikuwa siri!

Dadi akachoma mbegu za tula, akampulizia moshi mdomoni kwa bua la mpapai, akasugua jino kwa pamba, na huyo! Funza mweupe anafurukuta kwenye pamba. Tuseme kweli tu, Mungu anatuona: funza yule aliokotwa asubuhi ileile mwaloni wanakotua wavuvi, kwenye samaki walioharibika. Mzee alilia kwa shukrani, akaacha kidumu cha mawese. Dadi akakipokea kwa uso wa huzuni, kama msomi.

Lakini wahenga walisema mganga hajigangi. Dadi mwenyewe alikuwa na gego bovu, na wiki ile lilimkamata hasa. Hali, halali, hata uji anaunywa kwa upande. Angefanyaje, ajipulizie moshi? Alijua vizuri mno funza wake anatoka wapi. Na akionekana kwa daktari wa meno, nani tena mjini atamfumbulia mdomo? Biashara itakufa, naye hajui kazi nyingine. Basi bingwa wa meno akavaa barakoa, akashusha kofia mpaka kwenye nyusi, akajipenyeza kliniki moja ya Ujiji kwa jina la Nikodemu.

Daktari Regina akalipiga jino picha. "Hili halina haja ya kung'olewa. Tutatibu mzizi."

"Mizizi? Aa, dokta, mizizi ninayo tele nyumbani. Haisaidii."

"Mzizi wa jino, kaka. Ndani yake kuna mshipa umeoza. Tunautoa, tunasafisha, tunaziba. Haya, fungua mdomo."

Ikaja sindano ya ganzi, mdomo ukawa kama wa kuazima. Mjanja wa mji mzima akafumba macho, anasoma kila dua aliyowahi kuikimbia madrasa. Daktari akaingiza kisindano chembamba, akakizungusha, akakivuta. Dadi akafumbua jicho moja. Kwenye ncha kinaning'inia kitu chekundu, kirefu, kimejikunja.

Lahaula! Miaka tisa anaokota funza, miaka tisa anawacheka watu kichinichini, na kumbe!

"Ndudu!" akapiga kelele kwa ulimi wa ganzi.

"Ni mshipa, kaka Nikodemu. Tulia."

"Nshipa gani! Anajikunja huyo!"

Akachomoka kitini, barakoa shingoni, pamba shavuni, mbio hadi barazani walikokaa wagonjwa. Machozi yanamtoka ya kweli kabisa.

"Janani! Kunbe ndudu wa jino yupo! Yupo kweli! Ninenwona kwa nacho yangu!"

Benchi zima likamgeukia. Mama Honorata, muuza dagaa, aliyetolewa wadudu watatu na mtu huyuhuyu mwezi uliopita, akashusha mkono shavuni. Akamkagua kuanzia kofia mpaka ndala.

"Dadi," akasema polepole, "kwani wewe ulikuwa hujui?"