Rock ya mu tanki, na kilio yenye ilileta

Hapana, Trésor hakukuambia bongo, ni kweli tupu. Leo nilipata haya mbele ya bantu ba camp ya Panda muzima. Weye njo ulisema bila studio hatuwezi kutosha inje sauti ya rock ya zamani. Tuliitosha. Soma sasa.

Papa Ilunga, papa yake Trésor, alikuwa anapiga gitare mu orchestre ya batumishi ba usine, kule ku mashini kubwa. Rock safi: gitare mbili zinafatana, nyuma bantu mingi banaimba sawa mu kanisa kubwa. Sasa eko mugonjwa, na masikio yake inakwisha juu ya makelele ya mashini. Sikio moja njo inabakia. Minye niliapa atasikia tena ile sauti mbele hiyo pia ikufe. (Hakuna muntu aliniagiza. Niko vile.)

Franga hakuna. Gitare tuliazima ku parokia. Ngoma, bidon tupu ya mayi. Telefone mbili: moja inapiga yenye tuliisha kuimba, ingine inashika ile pamoja na sauti ya mupya. Unarudilia, unarudilia, mpaka bantu babili banakuwa chorale. Na mwangwi ya kanisa? Mu lupango, uwanja ya nyumba ya kina Trésor, kuko tanki ya mayi, ya chuma, kubwa, ilikauka zamani. Tuliingia ndani. Joto, nikavua shati. Tuliimba "aaa" ya juu, ya kurefuka, asubuhi yote.

Sasa weye, muntu ya camp, waza: kuko mugonjwa, na mu lupango yake kunatoka bantu mingi, "aaa". Utafikiri nini? Bajirani balikuya mbio, balikuta kitanda tupu, balisema balishamupeleka ku morgue, ku nyumba ya maiti.

Siye tulitoka mu tanki, tunacheka, telefone ingali inashika sauti. Bamama beko chini mu vumbi, bitambaa bilishatoka ku kichwa. Bapapa banafunga bâche ya kivuli, kuni ya moto ya kilio, ya matanga, iko pale. Mama Béa, jirani, aliniangalia: bila shati, gitare mu mukono.

"Papa yenu alikufa, weye unapiga gitare? Hauna hata haya?"

Muntu ya akili angeuliza kwanza. Minye moyo ilikatika. Nilitupa gitare chini (ya parokia, nakumbusha), shingo ya gitare ikavunjika. Nikajiangusha, nikalia kushinda bamama bote. Nikatukana kifo. Nikatukana docteur. Trésor alianguka juu yangu, anaita papa yake.

Papa yake akatokea nyuma ya nyumba. Alikuwa ku choo, mule anakawia sana. Blanketi ku mabega, kopo ya mayi mu mukono. Alisimama juu ya kichwa yangu.

"Mutoto yangu, munalilia nani?"

Mama Béa alianza kufunga kitambaa yake polepole.

Nilifuta kamasi, nikamupa telefone. Aliweka ku sikio yenye kubakia, akafunga macho. Alisikiliza yote, mpaka fasi yenye siye tunatoka mu tanki na bamama banalia.

"Njo yenyewe," akasema. "Kosa ni paka bale bamama ba mwisho tu, banaingia mbele ya saa."

Akarudi kulala. Bantu balikula bukari, ugali ya kilio, maana ilikuwa imeisha kupikwa, bakaenda banakasirika. Kesho nitaenda kuona padri na gitare ya bipande bibili.

Cheka, sikatai. Lakini uniambie: siku Papa Ilunga atakufa ya kweli, utakuya kulia, ao utasema tunaimba tu mu tanki?