Taa za Swichi na Mjomba wa Dorotea

Jumatatu, 8 Septemba 2025

Seva mpya imefika! Imeshushwa kwenye basi la Dar pale stendi ya Nyegezi, ikaja ofisini Mirongo kwa bajaji, Nusrat ameipakata njia nzima kama mtoto mgonjwa. Mimi nilifuata kwa bodaboda na boksi la kebo. Bi Sihaba, mwenye kampuni, amesema biashara yote ya saruji na mabati, ya kaunta hapa na ya stoo ya Mabatini, itahamia humo. Mafundi wake ni wawili, Nusrat na mimi. Tuifunge wiki hii, halafu atateua mmoja wetu awe mkuu wa kompyuta.

Kuna tatizo dogo. Nyumbani kwa kina Dorotea wanajua mkuu ni mimi tayari. Niliwaambia hivyo nilipopeleka posa. Sio uongo hasa. Niliwahi tu.

Jioni Dorotea kapiga simu. Mjomba wake, Mzee Chenge, mfanyabiashara wa ng'ombe huko Magu, atakuja Jumamosi kuniona kazini kabla familia haijajibu. Ndiyo kawaida yao: mjomba anakwenda kumtazama kijana mahali anapopatia riziki, anarudi na neno, na neno hilo halipingwi. Aliyemchumbia dada mkubwa wa Dorotea alijisifu ana duka. Mjomba akafika, akamkuta anauza kwenye duka la mwenzake. Posa ikarudishwa wiki hiyohiyo.

Nampenda Dorotea. Leo nimekula bila hamu. Nimemaliza sahani, lakini bila hamu.

Jumanne, 9 Septemba

Tumefungua seva. Imekuja na tundu moja tu la mtandao. Nusrat anataka tuongeze kadi yenye matundu manne, ili tundu moja likifa jingine lishike kazi. Nikamwambia hiyo niachie. Kadi ikagoma kuingia. Nikaisukuma. Ikagoma zaidi. Nusrat akaniuliza, kwa upole unaoudhi, kama nimeona kwamba nimeigeuza.

Baadaye Bi Sihaba kapita kuuliza nani ameweka kadi. Nikasema tumeweka.

Alhamisi, 11 Septemba

Siku ya kebo. Nimepanda darini, nimeshuka na buibui kichwani. Kazi ya kubana vichwa vya kebo nimepewa mimi. Ndani kuna nyaya nane za rangi, na zina mpangilio wake. Nusrat alinichorea ukutani kwa penseli. Nikaona wangu unapendeza zaidi: chungwa akae na chungwa mwenzake, kijani na kijani mwenzake. Nani asingependa kukaa na ndugu yake?

Kaunta haikupata mtandao. Nikasingizia panya. Nusrat akakata vichwa vyote, akabana upya mpaka saa ya kufunga. Bora angenitukana.

Sasa kila kitu kinafanya kazi na mimi sina raha. Nimesimama mbele ya swichi, lile boksi ambamo kebo zote zinakutana. Kebo chache, taa chache zinapepesa kivivu. Dorotea anasema mjomba wake hajui kompyuta hata kidogo, ila ni mtu wa mifugo: anasimama langoni, anatupa jicho mara moja, anajua ukubwa wa mwenye zizi. Akiona hili langu atasema nina ndama wawili.

Ijumaa, 12 Septemba

Nimepata mpango! Nimepita Mabatini kununua kebo fupi, nyekundu na za njano. Mwenye duka kauliza za nini. Nikasema za familia.

Kesho asubuhi Nusrat atakuwa stoo ya Mabatini kukagua upande wa kule. Kabla ya kuondoka leo ameniomba nisiguse swichi. Amesema taarifa zikipata njia ya kuzunguka humohumo zitazunguka bila kutoka, na mtandao wote utakaba. Nikamwambia kazi hii nimeianza yeye akiwa bado shuleni. Akanikumbusha kwamba tumemaliza chuo kimoja, mwaka mmoja, na mtihani wa mitandao nilikaa nyuma yake.

Wivu wa kazi ni ugonjwa mbaya. Namwonea huruma.

Jumamosi, 13 Septemba

Niandike yote, hata ya aibu.

Nilifika mapema. Matundu yote manne ya kadi nikayaunganisha kwenye swichi. Bado nusu ya swichi ikabaki wazi, aibu tupu. Nikachukua kebo nyekundu, kichwa kimoja tundu hili, kichwa cha pili tundu la jirani, swichi ileile. Ya njano vivyo hivyo. Taa zikawaka. Zote! Zikaanza kupepesa kwa pamoja, haraka, kwa hasira. Sijawahi kuona kitu kizuri namna ile kazini.

Mzee Chenge akaingia. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akavua viatu mlangoni, maana chumba cha seva kina zulia na hiyo ni amri ya Bi Sihaba. Akasimama mbele ya zile taa. Akauliza kama yote yale ni kazi. Nikamwambia ni kazi tupu, mzee. Akauliza walio chini yangu ni wangapi. Nikasema ni vigumu kuhesabu. Akaitikia kwa kichwa taratibu, kwa heshima. Nilimwona Dorotea amevaa shela.

Kumbe kaunta imekufa. Malori ya wateja yamepanga foleni mpaka barabarani na hakuna risiti hata moja inayotoka. Mabatini nako kimya. Bi Sihaba akaingia na viatu vyake. Hapo nikajua nimekwisha.

Alinisema kuanzia kadi mpaka panya. Mzee Chenge, kwa adabu zote, akamshauri aongee vizuri na mkuu wa chumba. Bi Sihaba akauliza mkuu yupi. Tukaangalia chumbani wote watatu. Hata mimi niliangalia.

Nusrat akaingia anahema, vumbi la bodaboda usoni. Akachomoa nyekundu. Akachomoa ya njano. Taa zikatulia, na huko kaunta mashine ya risiti ikaanza kulia. Bi Sihaba akatamka palepale, mbele ya mgeni, kwamba mkuu ni Nusrat. Mimi kuanzia Jumatatu nikavute kebo kwenye ghala jipya la Nyegezi.

Nikamsindikiza Mzee Chenge mpaka nje. Akafunga kamba za viatu polepole, akanitazama.

"Nimekuja kuona kama una kazi," akasema. "Kazi unayo. Cheo huna."

Nikasema ndiyo, mzee.

"Yule mama amekufokea mbele ya mgeni. Hukumjibu, hukumsingizia yule binti, hukukimbia. Namjua Dorotea tangu anatambaa. Mume wake atahitaji hilo kila siku."

Akaongeza kwamba baba yake Dorotea atakuja mwenyewe Ijumaa, na huyo nimwambie ukweli. Nikatokwa machozi pale barabarani. Nikamwambia ni vumbi la saruji.

Jumatano, 17 Septemba

Posa imekubaliwa! Dorotea amecheka kwenye simu mpaka akashindwa kuongea, kisha akasema aliogopa sana, kwamba usiku ule wa kuamkia Jumamosi hakulala. Akaniapisha. Baba akifika Nyegezi nimwambie bila kona: mimi ni fundi wa kebo. Nikaapa. Niliapa kwa moyo wangu wote, na sijawahi kuwa na furaha kama ile.

Hiyo ilikuwa asubuhi. Mchana nikaliangalia ghala. Kubwa, tupu, ngazi moja, mimi juu ya ngazi. Mzee wa watu atoke Magu mpaka huku kuja kutazama miguu ya mkwe? Sio heshima kwake.

Nimeongea na Josephat, mlinzi wa getini. Ijumaa akimwona mzee afungue geti lote, apige saluti, aseme mkurugenzi yupo ndani. Josephat akauliza mkurugenzi wa nini. Nimemwambia aishie hapo tu, mengine nitamalizia mwenyewe.