Ngazi Zilizokataa Kufa

Jumatatu, 4 Machi

Siku ya kihistoria. Mradi wetu wa mwaka wa mwisho, kituo cha wanafunzi cha ghorofa moja, umehamishiwa kwenye programu ya pamoja. Watu watatu, jengo moja, kila mmoja na kompyuta yake. Usawa hatimaye! Kiongozi wa kundi ni Rula, aliyeitwa hivyo kwa sababu hatembei bila rula, naye mwenyewe hapindi. Wa tatu ni Kimya. Tangu Januari amesema neno moja tu. Lilikuwa "aa".

Mimi nimekabidhiwa ukumbi wa mdahalo, yaani moyo wa jengo. Nimefungua mwonekano wa pamoja, ule tutakaomwonyesha mhadhiri Ijumaa. Nikute nini? Ngazi kuu za Rula zimesimama mbele ya jukwaa langu kama askari wa kutuliza ghasia! Je, fikra huru itazibwa na vidato ishirini na vinne? Nimezibonyeza, nikachagua "ficha". Zimetoweka. Kwenye skrini yangu tu, bila shaka. Wenzangu wana skrini zao.

Jumanne, 5 Machi

Ngazi zimerudi. Palepale!

Rula ameandika kwenye kundi la simu kwamba kuna mtu kafuta ngazi, kwamba amezichora upya, na kwamba tukianguka Ijumaa tunarudia mwaka mzima. Nimelaani uharibifu huo kwa aya tatu. Kimya ameweka dole gumba.

Kisha nikazificha tena. Jukwaa linahitaji hewa.

Jumatano, 6 Machi

Zimerudi! Safari hii Kimya ndiye aliyezichora, bila kumwambia mtu. Nimezificha. Nashuku njama dhidi ya ukumbi wangu, ila sioni mnufaika ni nani.

Rula amenifuata chumba cha michoro, rula mkononi. Akaniuliza, haya mheshimiwa, umezigusa ngazi zangu? Nikaapa mbele ya meza zote kwamba sijafuta hata kidato kimoja. Ukweli mtupu. Akasema jana alipokuwa akichora, programu ilimpa ilani ya njano kwamba mahali pale pana kitu kingine. Akatazama, hapana kitu. Akaifunga. Tumekubaliana, kwa mara ya kwanza mwaka huu, kwamba programu imechanganyikiwa.

Alhamisi, 7 Machi

Rula amechora tena. Nimeficha tena. Sisi sote tumechoka, na hakuna ajuaye kwa nini.

Nimemsimulia dada yangu, fundi cherehani, nikiwa nimesimama juu ya stuli yake. Akasema, pini mdomoni, kwamba kuna wateja wanaofunika doa kwa mtandio wakadhani wamefua. Nikamwomba asichanganye ushonaji na taaluma. Akaniambia, shuka kwenye stuli yangu, mwanamapinduzi.

Ijumaa, 8 Machi

Siku ya aibu.

Mhadhiri alitazama mwonekano wa pamoja. Akauliza wanafunzi watafikaje juu. Kweli, ngazi hazikuwapo! Rula akabadilika rangi. Nikaokoa jahazi: nikasimama, nikatangaza kwamba ngazi ni alama ya matabaka, wa juu na wa chini, na kwamba kizazi chetu kinazikataa. Mhadhiri akauliza kama kizazi chetu kinapaa.

Kisha akafungua mwonekano wake mwenyewe, usiofichwa kitu. Ngazi nne. Zote mahali pamoja, zimekumbatiana kama ndugu waliopotezana. Vidato tisini na sita! Akafungua kumbukumbu za mabadiliko. Jina langu mara nne: ameficha, ameficha, ameficha, ameficha.

Rula aliweka rula mezani, jambo ambalo sijawahi kuliona. Macho yake yalikuwa na maji. Mama yake amekwisha kununua kitambaa cha nguo ya mahafali.

Mhadhiri ametupa hadi Jumatatu saa mbili asubuhi. La sivyo, tunarudia mwaka. Rula ameamua kwamba aliyevuruga ndiye atakayetengeneza: ziondoke tatu, ibaki moja.

Jumapili, 10 Machi

Nimetafakari na kujikosoa hadharani, yaani mbele ya dada. Kosa langu sasa nalijua: nilidhani nimeficha kwangu, kumbe nimewafichia wote. Mwonekano ni wa umma! Basi nguvu hiyo nimeielekeza kwenye haki. Nimezifichua ngazi zote nne, kisha nikabonyeza ya kwanza, nikaficha. Ya pili, nikaficha. Ya tatu, nikaficha. Nimebakiza moja, kama nilivyoagizwa. Jengo linang'aa. Rula ametazama, akaandika kwamba sasa atalala.

Ilani ya njano imejitokeza. Nimeifunga, imezoea kuchanganyikiwa.

Kimya amenipigia simu. Ametamka neno lake la pili mwaka huu: "Umezifuta?"

Nimemjibu kwa fahari kwamba hazionekani.

Akakata simu. Nadhani ni furaha. Hotuba ya ushindi iko tayari, kurasa nne.