Mwongozo wa Paa Lisilovuja

Tangazo lilibandikwa kwenye kila ukuta uliokubali gundi: mwananchi yeyote atakayeng'oa paa kuukuu na kuezeka jipya, Bodi ya Bima za Nyumba itampunguzia ada yake ya mwaka kwa theluthi nzima. Watu walipiga vigelegele. Mabati yaliisha madukani, na mafundi wa paa wakaanza kutembea kifua mbele kama madaktari.

Kazi ya kuhakikisha kwamba hakuna anayepunguziwa alikabidhiwa Mkaguzi Mkuu wa Mapaa.

Hakuwa na roho mbaya. Alikuwa na utaratibu. Aliuandika mwenyewe, kurasa sitini na mbili, akauita Mwongozo, na alilala nao kitandani upande wa mkewe, ambaye alishahamia sebuleni. Kwa mujibu wa Mwongozo, paa huthibitishwa kuwa bora pale tu mkaguzi anapokuwa chini yake, mvua inanyesha, naye halowi. Kifungu kilichofuata, cha usalama kazini, kilimkataza mkaguzi yeyote kuwa nje wakati wa mvua.

Kwa hiyo wakaguzi walitoka jua likiwaka, wakayatazama mabati yakimeremeta, wakaandika kwa masikitiko: "Halijathibitishwa." Na paa ambalo halijathibitishwa ni paa lenye utata. Utata ni hatari, na hatari huongeza ada. Hilo hata mtoto analijua. Katika miezi kumi na moja wakaguzi hawakumpunguzia mtu hata senti. Bodi ilimtunuku Mkaguzi Mkuu cheti, pamoja na kiti kinachozunguka.

Alikuwa akizunguka nacho Jumatano asubuhi alipoingia fundi cherehani mmoja wa bondeni, anayejulikana mtaani kama Mama Pindo. Barua ya bima ilikuwa mkononi, na pini tatu zilikuwa bado mdomoni. Alizitoa moja moja.

"Baba, nimeuza cherehani yangu ya pili nikanunua mabati. Mlisema mtanipunguzia, sasa mmeniongezea nusu. Nisipolipa mpaka Ijumaa saa sita, bima inakatika. Sebuleni nina magauni kumi na manne ya harusi za watu. Likitokea la kutokea, hao mabibi harusi niwavishe nini? Barua yenu?"

"Mama, punguza jazba. Paa lako ni zuri sana."

"Basi nipunguzie."

"Uzuri siukatai. Ushahidi ndio haupo."

"Nitapanda juu na ndoo, nimwage maji, wewe ukae chini uone."

"Maji ya ndoo hayana mamlaka ya mvua."

"Basi uje mvua ikinyesha."

"Ikinyesha sitoki."

"Na isiponyesha?"

"Nitakuja kwa moyo mkunjufu, ila haitakusaidia kitu."

Mama Pindo alimwangalia kama mtu anayeangalia kitambaa kilichokatwa vibaya. "Sasa mimi nifanyeje?"

"Kata rufaa. Nitakuja kukagua mwenyewe." Mkaguzi Mkuu alichungulia utabiri wa hali ya hewa. Jua, siku tatu mfululizo. "Ijumaa saa nne."

Ijumaa alifika na viatu vilivyong'aa. Alisimama katikati ya magauni meupe, akafungua fomu, na alikuwa ameshaandika "Halija" mvua ilipoanguka, bila barua wala miadi. Mabati yalipiga kelele mpaka ikabidi nao wawili wapige.

"Umelowa?" Mama Pindo alipaza sauti.

Mkaguzi Mkuu alijipapasa kichwa. Akajipapasa mabega. Alivua kiatu akakagua soksi. Kukavu. Aliutazama mlango. Nje, Mwongozo ulimkataza kwenda. Ndani, Mwongozo ulimlazimisha kusaini. Kwa mara ya kwanza aliona jinsi kitabu kile kilivyokuwa kizito. Akafuta alichoandika, akasaini: limethibitishwa, theluthi ipunguzwe. Ilikuwa saa tano na nusu.

Mama Pindo alibusu fomu, akatoa kichwa dirishani. "Jamani! Anasaini!"

Msusi wa nyumba ya pili alikuja mbio na taulo kichwani. "Na kwangu!"

"Haiwezekani, dada. Siruhusiwi kuwa nje."

"Nani kakwambia uwe nje? Leteni turubai!"

Zililetwa turubai. Zikaunganishwa mlango kwa mlango, watu wakizishikilia pembeni, wamelowa chapachapa na wanacheka. Mkaguzi Mkuu alitafakari. Kisheria, hakuwa nje. Alikuwa ndani ya kitu kirefu. Akapita. Akasaini kwa msusi, akasaini kwa fundi baiskeli, akasaini kwa bibi mmoja aliyemshika mkono asitoroke. Kufikia saa tisa alishathibitisha mapaa thelathini na saba, na turubai ikaanza kupanda kilima.

"Mnanipeleka wapi?"

"Twende tu, baba," Mama Pindo alimsukuma mgongoni. "Umeshapata moto."

Turubai iliishia kwenye mlango wenye nakshi, nyumbani kwa Mwenyekiti wa Bodi. Yeye aliezeka vigae kutoka ng'ambo na akajipunguzia ada kwa simu. Alifungua mwenyewe. Alikuwa sebuleni kwake, amevaa koti la mvua na buti za mpira, ameshika sufuria.

"Hii si kuvuja," alisema Mwenyekiti. "Ni jasho la dari."

Tone lilimdondokea Mkaguzi Mkuu katikati ya paji la uso. La pili likaingia kwenye kola. Nyuma yake mtaa mzima ulikuwa umenyoosha shingo.

Angeweza kusema hakuhisi kitu. Lakini Mwongozo aliuandika yeye, kwa mkono wake, na ndicho kitu pekee alichowahi kukipenda. Akafungua fomu, akaandika: "Limevuja. Punguzo lifutwe. Ada iongezwe maradufu."

"Umefukuzwa kazi!" Mwenyekiti alifoka. "Toka nje!"

"Nimepokea, mheshimiwa. Ila kutoka siwezi. Mvua inanyesha."

Sebuleni kulikuwa kumebaki kiti kimoja tu kikavu. Mkaguzi Mkuu alikivuta, akakaa, akaomba wino.