Afisa Ametoka Kidogo, Tovuti Imethibitisha

Natangaza rasmi: Kitengo cha Uratibu wa Miche, Kilwa Masoko, kimeingia mtandaoni. Mtaalamu Mkuu wa Tovuti ni mimi, Yasini, mwenye uzoefu wa siku kumi na moja na video za kwenye simu.

Nilitumia fremuweki. Kama huijui, ni sawa na nyumba ya udongo ambayo nguzo na fito umezikuta zimeshasimama, wewe unakandika tu. Nilikuwa nimefika somo la nne, kufunga mlango. Somo la tano, kufungua, bando likakata.

Mratibu wetu, Mzee Eusebio, akaja kukagua.

"Yasini, humu mtu anaingia tu?"

"Ndiyo, mzee. Anabonyeza, anapata fomu ya miche."

"Bila kusaini kitabu cha wageni?"

"Bila."

"Hapo umejenga stendi, siyo ofisi."

Akaelekeza kwa waraka: kila mgeni ajaze jina, anakotoka, anamwona nani, kisha asubiri mratibu amruhusu.

"Na wakati anasubiri, mzee?"

"Mwambie nimetoka kidogo. Weka na koti langu la kitini, ajue nipo."

Nikalipiga picha koti lake likiwa kitini, nikalipandisha. Limekaa vizuri hatari.

"Nifunge kurasa zote? Hata ule wa kwako wa kuruhusia watu?"

"Sheria haibagui, kijana."

Nikafunga.

Alhamisi akaja Bi Naima kutoka mkoani, kuzindua. Kwenye benchi la nje alikuwepo Mama Batuli, mkulima wa Nangurukuru, safari yake ya tatu. Siku hiyo ndiyo mwisho wa kuandikisha miche ya mikorosho. Hana fomu, hana miche mpaka mwakani.

"Huyu mama ndiye atuzindulie," Bi Naima akasema, akampa simu.

Batuli akajaza, taratibu, kwa kidole kimoja. Likatokea koti. Afisa ametoka kidogo.

"Si huyu hapa?" Batuli akauliza.

"Ni utaratibu, mama. Nakuruhusu sasa hivi." Mzee akafungua ukurasa wake. Ukamuuliza jina. Akaandika Eusebio, anatoka ofisini, anamwona Eusebio.

Koti.

"Yasini, iambie ni mimi."

"Inajua, mzee. Inasubiri wewe ukuruhusu."

"Basi toa hilo kufuli."

"Ni kufuta mstari mmoja tu, dakika haifiki. Ila kwa waraka wako, badiliko lolote la tovuti linaombwa kwa fomu. Na fomu ipo kwenye tovuti."

Bi Naima akafunga faili lake. "Mfumo wa ofisi unasema mratibu hayupo. Mimi nani niubishie? Hayupo toka lini?"

"Mimi namkosa toka Jumatatu ya wiki iliyopita," Batuli akasema.

Bi Naima akaandika tarehe hiyo, pembeni akaongeza neno utoro. Akachukua karatasi nyeupe, akaandika miche mia mbili, akasaini, akagonga muhuri, akampa Batuli. Kisha akaingia ofisini, akalitoa lile koti kitini, akamkabidhi mwenyewe, kiti akakikalia yeye.

Mzee Eusebio akaenda benchini, koti mapajani, simu mkononi, anasubiri ajiruhusu.

Batuli alikuwa anakunja karatasi yake. Akamtazama, akamwonea huruma.

"Sogea huku mwisho, baba. Hapo ulipo, ikifika saa saba jua lote linahamia."